Usipande Basi la Tabora Bila Karatasi: Mwongozo kwa Aliyepunguzwa Kazi katika Kiwanda cha Magari

Miaka michache iliyopita mtoto wa marehemu kaka yangu alirudi nyumbani kwetu Isevya, Tabora Mjini, akiwa na godoro, begi moja na bahasha yenye karatasi moja tu ndani yake. Alikuwa amefanya kazi kwa miaka saba katika kiwanda kimoja cha kuunganisha malori upande wa Pwani, kisha siku moja yeye na wenzake wakaitwa ukumbini, wakasomewa majina, wakasaini palipoonyeshwa na kupewa fedha ambazo hakuna aliyewaeleza zimehesabiwaje. Aliona haya kusema nyumbani kwamba amepunguzwa, akatuambia yuko likizo. Siku aliyonifuata kibarazani na kuniuliza, “Baba mdogo, hivi nilikuwa na haki nyingine?”, zilikuwa zimepita siku 43 tangu atolewe kazini, na dirisha la kwanza la kudai lilikuwa limekwisha kufungwa. Mimi niliwahi kuwa mwakilishi wa wafanyakazi kazini kwangu, na mambo haya niliyajua. Niliumia kwamba aliyeyahitaji alikuwa wa damu yangu na hakuyapata kwa wakati. Ninaandika mwongozo huu kwa ajili ya vijana wa Tabora na Kigoma walioko kwenye viwanda vya magari na vipuri huko pwani, na kwa ajili ya wazazi wanaowapokea wanaporudi.

Dalili huanza kabla ya barua

Kazi ya magari ina tabia ambayo mfanyakazi anapaswa kuifahamu mapema. Gari jipya ni kitu ambacho mnunuzi anaweza kuahirisha kukinunua, na wengi hukinunua kwa mkopo. Kwa hiyo uchumi ukitikisika, viwanda vya magari huwa miongoni mwa vya kwanza kuyumba. Mwaka 2009 kampuni mbili kubwa za Marekani, General Motors na Chrysler, ziliomba kinga ya ufilisi mahakamani. Siku hizi kuna sababu nyingine pia: gari la umeme lina vipande vichache zaidi vinavyozunguka kuliko gari la injini ya mafuta, hivyo mikono iliyokuwa ikitengeneza injini na gia haihitajiki kwa wingi ule ule. Mwezi Desemba 2024 Volkswagen ya Ujerumani ilikubaliana na chama cha wafanyakazi kupunguza nafasi zaidi ya 35,000 nchini humo hadi kufikia mwaka 2030, bila kufukuza watu kwa lazima, na mwezi Februari 2025 kiwanda cha Audi mjini Brussels kikafungwa.

Kwetu sababu zinafanana ingawa njia ni tofauti. Malori yanayounganishwa hapa nchini huingia yakiwa vipande, na kazi ya kiwanda ni kuviunganisha, kupiga rangi, kufunga bodi na kujaribu gari. Kwa hiyo kazi inategemea mambo matatu: fedha za kigeni za kununulia vipande, meli inayovileta, na maagizo ya wateja wakubwa kama makandarasi wa barabara, wachimbaji na wasafirishaji. Ukiona zamu zinapunguzwa, mikataba mipya inaandikwa ya miezi mitatu badala ya mwaka, vibarua wa muda hawaitwi tena, au malori yaliyokamilika yanajaa uani bila kuchukuliwa, huo ndio wakati wa kuanza kukusanya nyaraka zako, wala usisubiri barua.

Muda wa kujiandaa una uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Kampuni ya Holden ya Australia ilitangaza mwezi Desemba 2013 kwamba itaacha kutengeneza magari nchini humo, na kiwanda chake cha Elizabeth kikafungwa mwezi Oktoba 2017; wafanyakazi walipata karibu miaka minne ya kujifunza kazi nyingine na kupanga maisha. MG Rover ya Longbridge, Uingereza, ilianguka mwezi Aprili 2005 ndani ya siku chache, na watu wapatao 6,000 wakajikuta nje ya geti. Ninaitaja mifano hii miwili pamoja kwa sababu sheria yetu nayo, kwa kiasi chake, inampa mfanyakazi muda wa kuonywa, na muda huo ni mali yake ambayo haipaswi kuchukuliwa hivi hivi.

Mashauriano si kusomewa majina

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa ya kusudio hilo mara tu anapolifikiria, atoe habari zinazohitajika ili mashauriano yawe ya kweli, kisha ashauriane na chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa mahali pa kazi pamoja na wale wasio na chama cha kuwawakilisha. Mambo ya kushauriana yametajwa: sababu za kupunguza, njia za kuepuka au kupunguza idadi ya watakaoondoka, kigezo cha kuchagua nani aondoke, wakati wa kufanya hivyo, na malipo ya kiinua mgongo. Mkutano ambao watu huitwa, wakasomewa majina na kuondoka, haujatimiza hata nusu ya hayo.

Katika mkutano wa mashauriano, muulizeni mwajiri kwa heshima na kwa maandishi. Je, imejaribiwa kupunguza saa za ziada kabla ya kupunguza watu? Je, wapo wanaotaka kuondoka kwa hiari yao? Je, kigezo ni aliyeingia mwisho atoke kwanza, au ni ujuzi, na nani ameupima? Andikeni muhtasari wenu wenyewe wenye tarehe, majina ya waliohudhuria na majibu yaliyotolewa, kila mmoja wenu asaini, na kila mmoja abaki na nakala. Simu yenye kamera inatosha kwa kazi hiyo, ila picha hizo zitumeni pia kwa ndugu aliye nyumbani, kwa kuwa simu huibiwa na simu huuzwa mtu anapoishiwa.

Jihadhari na karatasi mbili. Ya kwanza ni ile inayosema kwamba umeacha kazi kwa hiari yako. Ukiisaini, umejitoa mwenyewe katika haki za mtu aliyepunguzwa, na hata Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, hautoi fao la kukosa ajira kwa aliyeacha kazi mwenyewe. Ya pili ni makubaliano ya kuachana kwa maelewano. Hayo yanaweza kuwa mazuri, hasa yakiwa na malipo yanayozidi kiwango cha sheria, lakini mara nyingi yana sentensi inayosema kwamba hutadai kitu kingine chochote. Omba uende nayo nyumbani walau usiku mmoja, uyasome na mtu anayejua. Mwajiri mwenye nia njema hatakunyima usiku mmoja.

Namna ya kuhesabu kilicho chako

Hapa ndipo watu wengi hupoteza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwisho wa ajira unapaswa kulipwa mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hukuichukua pamoja na sehemu ya likizo ya mwaka ambao haujakamilika, notisi au malipo badala ya notisi, kiinua mgongo kama unastahili, na nauli kama unastahili. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ni siku zisizopungua 28. Anayelipwa kwa siku au kwa wiki ni siku 4. Na ukitolewa ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi ni siku 7. Mkataba wako au mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, unaweza kukupa zaidi ya hapo, kwa hiyo usome kabla ya kukubali kiwango cha chini.

Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika wa utumishi usiokatika, na hakizidi miaka 10. Anayestahili ni aliyefanya kazi walau miezi 12. Chukua mfano wa fundi anayepata mshahara wa msingi wa shilingi 520,000 kwa mwezi, anayefanya kazi siku 6 kwa wiki, na aliyetumikia miaka 8 na miezi 11. Mshahara wake wa siku moja ni kama shilingi 20,000, kwa kuwa mwezi wa kazi kwake una takriban siku 26. Siku 7 ni shilingi 140,000. Miezi 11 haihesabiwi, hivyo tunazidisha kwa 8 na kupata shilingi 1,120,000. Mwenzake wa mshahara huo huo aliyetumikia miaka 13 atahesabiwa miaka 10 tu, yaani shilingi 1,400,000. Mimi naona kiwango hiki ni kidogo kwa mtu aliyetoa ujana wake kiwandani, na hiyo ndiyo sababu suala la kiinua mgongo limewekwa miongoni mwa mambo ya kushauriana: siku 7 ni sakafu, na chama chenye wanachama wengi kinaweza kudai zaidi. Mwaka 1955 chama cha wafanyakazi wa magari wa Marekani, UAW, kilikubaliana na Ford juu ya mfuko wa kampuni wa kumwongezea fedha mfanyakazi anaposimamishwa kazi, na hawakuanza kuudai siku ya kusomewa majina. Uliwekwa katika mkataba wakati viwanda vinafanya kazi.

Angalizo moja: mwajiri akikupa kazi nyingine badala ya kukupunguza, nawe ukaikataa bila sababu ya msingi, unaweza kupoteza kiinua mgongo. Usikatae kwa hasira.

Nauli ya kurudi Kigoma au Tabora

Jambo hili linatuhusu sisi wa magharibi kuliko watu wa Kibaha au Dar es Salaam. Wazee wetu wa Unyamwezi na Buha walichukuliwa kama manamba kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na swali la nani atamlipia mtu safari ya kurudi lilikuwa kubwa tangu enzi hizo. Sheria ya sasa inasema kwamba ajira ikikoma mahali ambapo si pale ulipoajiriwa, mwajiri akusafirishe wewe na mizigo yako hadi ulipoajiriwa, au alipie usafiri huo, au akupe posho ya safari isiyopungua nauli ya basi hadi kituo kilicho karibu na hapo, pamoja na fedha za kujikimu kwa siku unazosubiri kusafirishwa.

Neno lenye uzito hapo ni “ulipoajiriwa”. Ikiwa mwajiri au wakala wake alikuja Tabora kwenye chuo cha ufundi akachagua vijana, au alikupigia simu ukiwa Kasulu na kukuita kazini, una hoja ya kusema uliajiriwa nyumbani. Ikiwa ulipanda basi mwenyewe, ukakaa kwa mjomba Mlandizi, ukapeleka barua getini na kuajiriwa pale, basi mahali pa kuajiriwa ni pale, na nauli ya Tabora haimhusu mwajiri. Angalia mkataba wako wa kwanza umeandika nini, na kama unaajiriwa leo, hakikisha mahali hapo pameandikwa kwa ukweli.

Fungua mgogoro kabla ya safari

Kama unaamini umepunguzwa bila sababu halali au bila utaratibu kufuatwa, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huiita CMA, kwa kujaza Fomu Namba 1 na kumpa mwajiri nakala. Muda ni siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa kazi. Madai mengine, kwa mfano mshahara ambao haukulipwa, yana siku 60. Siku hizo ni za kalenda. Jumapili na sikukuu zimo ndani yake.

Kosa la mtoto wetu halikuwa kuchelewa peke yake. Alidhani kwamba kwa kuwa Tume ina ofisi Tabora, angeweza kufungua shauri akiwa nyumbani. Kanuni za Tume zinataka mgogoro usikilizwe na ofisi ya eneo ambako mgogoro ulitokea, yaani kule kiwandani. Tulilazimika kujaza Fomu Namba 2 ya kuomba kuongezewa muda, kueleza sababu za kuchelewa, na kumpandisha basi mara mbili kurudi Pwani kwa nauli tuliyokopa. Haya yote yangeepukika kama angebaki wiki moja zaidi katika chumba chake cha kupanga. Ndiyo maana ninasisitiza: fomu ijazwe, ipokewe na kugongwa mhuri, ndipo ukate tiketi. Mkiwa wengi mliopunguzwa pamoja, fungueni pamoja na mchague mwenzenu anayekaa kule awe mwakilishi, ili wale wa Nguruka na Kibondo wasilazimike kusafiri kila tarehe ya shauri.

Hatua ya kwanza mbele ya Tume ni usuluhishi, ambapo msuluhishi hujaribu kuwapatanisha. Ikishindikana, shauri huenda kwenye uamuzi. Wengi hupata nafuu katika usuluhishi, hasa wakiwa na hesabu iliyoandikwa vizuri. Njoo na jumla yako, mstari kwa mstari, na wala usiseme tu kwamba umeonewa.

Bahasha inapaswa kuwa na nini

Barua ya kupunguzwa inayotaja sababu, mkataba wa kwanza na wa mwisho, hati za mshahara za miezi ya karibuni, mchanganuo wa malipo ya mwisho, cheti cha utumishi ambacho mwajiri anawajibika kukupa, na taarifa ya michango yako ya NSSF. Hii ya mwisho usiiache. Kuna mtu hukatwa kila mwezi na michango isifike, naye hugundua baada ya kuondoka. Omba taarifa ya michango mapema, linganisha mwezi kwa mwezi na hati za mshahara, na palipo na pengo andika malalamiko ukiwa bado unaweza kumfikia afisa rasilimali watu kwa miguu.

Ukiwa umechangia miezi isiyopungua 18 na hukuacha kazi mwenyewe, uliza ofisi ya NSSF kuhusu fao la kukosa ajira, ambalo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa muda wa miezi 6. Ofisi za NSSF zipo Tabora na Kigoma, kwa hiyo hili unaweza kulifuatilia ukiwa nyumbani, mradi bahasha imekamilika.

Kisha madeni. Aliyekopa benki kwa dhamana ya mshahara aende benki mwenyewe kabla akaunti haijakaukiwa, aulize kama bima ya mkopo inahusu kupunguzwa kazi, na aombe kupangiwa marejesho upya. Kwenye saccos ya kiwandani, yaani chama cha kuweka na kukopa, uliza akiba na hisa zako, na pia uliza ulimdhamini nani, maana mdhamini hufuatwa hata akiwa Uvinza.

Nyumbani

Kiwanda kikipunguza watu Pwani, pengo linaonekana pia Ng'ambo, Ujiji na Kaliua, kwenye duka lililokuwa likikopesha kwa kutegemea fedha ya simu ya mwisho wa mwezi, na kwenye ada ya mdogo aliyeko sekondari ya bweni. Kwa hiyo waambie wazazi ukweli kwa simu kabla ya kufika. Mama aliyeambiwa ukweli atapunguza mahitaji. Aliyedanganywa kwamba ni likizo atakopa kwa majirani akijua mshahara unakuja, nayo aibu itakuja mara mbili. Nanyi wazazi, kijana akiwaambia amepunguzwa, msimuulize mbele za watu amekosa nini. Kupunguzwa si kufukuzwa kwa kosa. Sheria yenyewe inayatenganisha.

Fedha ya mkupuo ikifika, ninashauri kwa uzito wote: isinunue pikipiki ya biashara katika mwezi wa kwanza. Siidharau kazi ya bodaboda, lakini kila anayerudi hununua pikipiki, vijiwe vimejaa, na chombo hicho huanza kushuka thamani siku ile ile. Tenga kwanza chakula cha miezi 3 na ada, kisha iache iliyobaki itulie wakati unaangalia mji unakosa nini.

Na mji wetu unakosa mengi unayoyajua wewe. Aliyefunga mfumo wa breki za upepo kwenye malori mapya ana ujuzi ambao gereji nyingi za Tabora hazina, nasi tuna malori ya tumbaku, mbao na nafaka yanayopita kutoka Urambo, Sikonge na Kaliua, tena matrekta ya wakulima hukaa wiki nzima yakisubiri fundi atoke Mwanza. Fundi waya aliyezoea kusoma michoro ya umeme wa gari anahitajika kila mahali. Mchomeleaji wa bodi anaweza kutengeneza matela ya trekta. Kigoma, aliyezoea injini za dizeli atapata kazi kwenye boti za mwambao wa Ziwa Tanganyika, ingawa atapaswa kujifunza upya namna ya kupoza injini kwa maji ya ziwa na kupambana na unyevu.

Tatizo ni kwamba ujuzi wa kiwandani mara nyingi hauna cheti. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini, ambapo fundi hupimwa kwa kile anachokijua na kupewa cheti akifaulu. Nenda chuo cha VETA Tabora au Kigoma ukiwa na cheti chako cha utumishi, uulize lini upimaji wa fani yako unafanyika. Cheti hicho ndicho kitakachokuwezesha kuomba kazi kwa mkandarasi wa reli au barabara badala ya kubaki saidia fundi.

Kwa mtaji, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hutolewa hasa kwa vikundi, kwa hiyo mliorudi kutoka kiwanda kimoja, wengine wa breki, wengine wa umeme na wengine wa kuchomelea, mnaweza kusajiliwa pamoja kama kikundi cha gereji. Muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata, mjue masharti ya mwaka huu, na mwende na bei halisi ya mashine ya kuchomelea, kompresa na seti ya spana kutoka dukani, maana ombi lisilo na bei hurudishwa.

Mtoto wetu na wenzake wawili walianzia chini ya mwembe karibu na barabara ya Sikonge, kwa vifaa vya kuazima. Miezi sita baadaye, fao la NSSF lilipofikia mwisho, walikuwa na wateja wanne wa malori wanaorudi. Shauri lao bado lilikuwa Tume, na tarehe iliyofuata ilikuwa imeandikwa kwa chaki ukutani, juu ya boksi la spana.